Kuku Niliyesema Amechinjwa na Ridha

Miaka mitatu iliyopita, siku ya Krismasi, jirani yangu alikaa mezani kwangu saa mbili nzima mbele ya sufuria ya kuku na hakugusa hata mfupa.

Mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Wacha niwaeleze vile ilikuwa.

Naitwa Crispus. Nachomelea vyuma hapa Voi, mtaa wa Sofia. Ukuta wangu na wa Mzee Ishaq ni mmoja. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na kila Krismasi yeye ndiye alikuwa akinichinjia kuku, ndio tule sote bila mtu kuwa na wasiwasi. Anachinja asubuhi, mchana anarudi kula.

Mwaka huo wakwe zangu walikuja kutoka Makwasinyi, mara ya kwanza kabisa, kuona binti yao anavyoishi. Saa nne walishaketi, baba mkwe anaangalia saa yake.

Mzee Ishaq hayupo. Nikagonga mlango, kimya. Nikapiga simu, mteja hapatikani.

"Baba Mumo, wazee wana njaa," mke wangu Pauline akaninong'oneza.

Nikaenda nyuma ya bafu na kisu, nikamaliza ile kazi mwenyewe.

Saa saba, huyo Mzee Ishaq mlangoni, viatu vimejaa vumbi.

"Niwie radhi, kijana wangu. Nani amekuchinjia?"

Wakwe wote wakanitazama. Ningesema ni mimi, Pauline angemkaangia mayai na mambo yaishe. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nikimsifu kwao kama baba yangu wa pili. Nikaogopa kuonekana mtu ovyo.

"Ridha wa dukani," nikasema.

Akainama kuvua viatu. "Alhamdulillahi."

Akaketi. Akaomba chapati na chai ya rangi, eti tumbo limemsumbua njiani. Akamchekesha baba mkwe mpaka akafuta machozi. Nikajua nimepona.

Krismasi iliyofuata alikuja kuchinja alfajiri, sisi bado tumelala. Mwaka jana vilevile. Kila mara nilitaka kumwambia, na kila mara ulimi ukawa mzito.

Oktoba mwaka huu Mzee Ishaq akatutoka.

Juzi, Krismasi ikikaribia, nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa mjane wake, Mama Nasiha, nikamwambia yote.

Aliendelea kuchambua mchele.

"Mwanangu, asubuhi ile tulikuwa Miasenyi, kwenye mazishi ya shangazi yake Mzee. Wajua nani alitupeleka kwa gari lake?"

"Nani?"

"Ridha. Na tulirudi naye."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Sasa mbona Mzee hakuniambia?"

"Alisema wakwe zako walikuwepo. Akasema, 'Kijana ataniambia mwenyewe.' Kila Krismasi akitoka kwako namuuliza, 'Amekwambia?' Asema, 'Bado. Labda mwakani.'"

Nililia pale pale, mwanaume mzima na ndevu zangu. Mama Nasiha aliniacha nilie. Kisha akasema Krismasi hii watakuja kula kwangu, yeye na watoto, na mchinjaji atamleta mwenyewe.

Ndugu zangu, sina mafunzo mengi. Kama kuna mtu ulimdanganya na bado anakusalimia vizuri, usidhani hajui. Mwendee leo. Mimi nilichelewa miezi miwili.