Jina la Mzungu Aliyezikwa Kwetu

Jina letu la ukoo ni la Kizungu, na shuleni nilipigana mara mbili kwa ajili yake. Wenzangu waliniita mzungu aliyeungua, na mimi sikuzaliwa na subira. Nilipomuuliza baba maana yake, alijibu, "Ni jina la padre. Kula ugali wako." Ikaishia hapo kwa miaka arobaini.

Halafu nikanunua simu ya maana, yenye intaneti. Maharage yakichemka jikoni, mimi nasoma asili ya majina ya Wazungu. Kumbe na wao waliitwa kama sisi! Wako walioitwa waoka mikate, wasaga unga, wachunga kondoo. Wengine waliitwa kwa kijiji walichotoka au daraja walilokaa karibu nalo, wengine mwana wa fulani basi. Mmoja aliitwa Kipara, na hadi leo vitukuu wake wenye nywele za mabegani wanaitwa Kipara. Nilicheka peke yangu. Huku Mbulu mtoto akizaliwa njiani anaitwa njia, akizaliwa kwenye mvua anaitwa mvua, na hakuna anayeshangaa. Mwishowe nikalifikia letu: mhunzi, mfua chuma. Jamani, nilifurahi! Nilitembea na furaha hiyo wiki nzima nikitafuta wa kumwambia.

Wa kumwambia wakaja wenyewe. Binti wa kaka yangu, aliyekaa kwangu Endagikot tangu aanze sekondari, alikuwa amempata mchumba, kijana wa Kidatoga kutoka upande wa Masakta, kule Hanang. Kijana mpole, tabibu wa mifugo. Binti alimpenda hadi akawa anasahau chumvi kwenye mboga. Wazee wa kijana wakapanda Tlawi, nyumbani kwa baba, kuleta posa: wazee wanne na kibuyu cha asali.

Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Wakauliza ukoo, baba akautaja ule wetu wa asili, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo mkubwa wao, babu wa kijana, akauliza, "Na hili jina jingine la binti, la Kizungu, maana yake nini?"

Baba alikuwa anafungua mdomo. Mimi nilikuwa naingia na sinia la chai, na nikamwahi. "Ni mhunzi! Mfua chuma!" Nilisema kwa sauti ya mnadani.

Yule mzee akakivuta kibuyu chake kikarudi katikati ya magoti. Hapo ndipo akili iliponirudia, ikiwa imechelewa. Wadatoga wananunua mikuki na bangili kwa wahunzi wao, lakini hawaoi kwao wala hawawaozi, tangu enzi na enzi. Mtu yeyote wa huku analijua hilo. Sisemi ni haki, mikono inayotengeneza jembe haina kosa lolote. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kubishana. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa mbele ya wakwe. Nyuma ya pazia nilisikia binti yetu akianza kulia.

Baba akaeleza taratibu kwamba sisi hatukuwahi kufua chuma, sisi ni wakulima, jina ni la padre wa zamani.

"Basi ni rahisi," mzee akasema. "Kama ni la mgeni, semeni hapa kwamba mmelitupa. Tukitoka tusilisikie tena, na binti ni wetu."

Nikashusha pumzi. Neno moja tu! Nikamtazama baba nikimsihi kwa macho: litupe, baba, litupe tuokoe mtoto. Baba akaiegemeza fimbo yake ukutani.

"Mjukuu wangu nampenda kuliko macho yangu," akasema. "Lakini siwezi. Padre yule aliugua hapa. Mapadre hawaoi, hakuwa na mtoto. Baba yangu alikuwa katekista wake, akamuuguza, akamlisha uji kwa kijiko mpaka alipokufa. Tukamzika kilimani, hakuna ndugu yake aliyekuja. Baba akasema mtu mwema asipotee hivihivi, akatuandikisha watoto wake wote kwa jina lile. Nikilitupa leo, nani atamtaja?"

Sikuwahi kuyasikia hayo. Miaka yote nilidhani Wazungu walitubandika tu jina lao. Niliona aibu hadi masikioni, na nilimpenda baba yangu kuliko siku zote, na bado nilitaka alitupe.

Wazee watatu wakasimama, wakachukua fimbo zao. Binti yetu akatoka nyuma ya pazia, macho mekundu. Nilidhani anakwenda kuwabembeleza. Akawapita, akaenda kuketi chini miguuni pa babu yake, akamshika mkono.

Yule mkubwa alikuwa bado ameketi. Aliwatazama wale wawili, mpaka wenzake mlangoni wakaanza kumwita.

"Rudini mkae," akawaambia. "Mgeni amefia kwao, na hadi leo wanamtaja. Nataka huyu binti aje nyumbani kwangu na jina lake. Mimi nami ni mzee."