Gari la Mbio la Kimulot

Jirani yetu wa Kimulot huvua gambuti kabla ya kuingia kwenye gari lake, kisha humpa mkewe azipakate, kwa sababu nyuma hakuna kiti. Ni gari la mbio, jekundu, ambalo muuzaji wa Bomet alikaa nalo miaka mitatu bila mteja. Muundo mpya ulipotoka, akaliuza kwa bei ya kuliondoa uani. “Ni mpya, fasheni tu ndiyo imepita,” jirani hutuambia, akipapasa usukani kwa vidole vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. “Kwani majani chai yangu hubadilisha sura kila mwaka?”

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha, gari likalalia tumbo katikati ya barabara, magurudumu yakazunguka bure. Kiplimo, dereva wa trekta la majani chai, akalifunga kamba akalivuta. Jirani alifunga mkanda, akavaa miwani ya jua, akawasha indiketa kwenye kila kona. Walipokaribia kanisa, waumini wakiwa wamejaa mlangoni, alitoa kichwa dirishani.

“Polepole, Kiplimo,” akasema. “Mimi si mtu wa mbio.”