Teke kwa Aliyeitikia Marahaba

Juzi nilikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi pale Kaloleni, nikimsubiri rafiki, alipoingia kijana kutoka Olmotonyi akifuta viganja kwenye suruali. Alisema Jumatatu anaanza ulinzi kwenye duka la mnunuzi wa madini, na anataka kujifunza kupambana na wezi.

"Unataka ngumi au ngumi za Kithai?" kocha akamuuliza. "Ngumi ni mikono tu. Za Kithai zina mateke, magoti na viwiko. Hebu jaribu za Kithai na huyu mzee," akamwonyesha mwanafunzi wake mmoja mwenye ndevu nyeupe.

Kijana akainamisha kichwa. "Shikamoo."

"Marahaba," mzee akaitikia, glavu usoni. "Haya, piga teke."

Mguu ukanyanyuka kidogo, ukarudi chini.

"Siwezi, kocha. Nimeshamwamkia. Mzee hapigwi teke. Niandikishe ngumi."

"Na mwizi akiwa mzee?"

Kijana akajibu, "Nitamwamkia kwanza."

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nje kicheko kikaniisha. Wezi walionikaba mwezi uliopita kule Sombetini walikuwa vijana tupu, na hakuna aliyeniamkia, ingawa mvi zangu zinaonekana toka mbali.