Nukta za protini zimechimbiwa duara leo

Leo nimewaonyesha watu pa kuchimba dhahabu kwa kutumia protini.

Msicheke kwanza.

Mnajua mimi ni karani kwenye machimbo madogo hapa Segese, na shahada yangu ni ya baiolojia ya molekuli. Wengine wakienda kula, mimi huchambua protini kwenye kompyuta ya ofisi. Naangalia mnyororo ukijikunja, asidi amino ipi inagusana na ipi. Matokeo ni mraba uliojaa nukta. Kila nukta ni asidi mbili zinazogusana.

Leo nilichapisha mmoja. Bosi akaukuta kwenye printa.

"Karani, ramani ya mgodi mkubwa umeitoa wapi?"

"Hiyo ni protini, bosi."

"Protini? Ya maharage?"

Wachimbaji mlangoni wakacheka. Yeye hakucheka.

"Huu mstari wa nukta katikati ni nini?"

"Ni asidi zilizo jirani kwenye mnyororo. Lazima zigusane."

"Huo ni mwamba wa dhahabu! Nionyeshe uko wapi, au kesho usije."

Mama yangu yuko Didia, anakula kwa kazi hii.

Nikanyoosha kidole. Nyuma ya choo.

Sasa Mayunga, mmoja wa wachimbaji wale, yuko kwenye shimo hapo hadi kifuani. Hana mshahara, analipwa duara, yaani shimo lake, likitoa dhahabu tu. Nimepita hapo nikitazama chini.

"Wabeja sana, karani," amenishukuru kwa Kisukuma. "Umetukumbuka na sisi."

Nimemjibu, "Karibu."

Nyie mngemjibu nini?