Mwalimu wa Burat anayeuliza kabla ya kitabu kufunguliwa

Vitabu vyote vimefungwa. Ni asubuhi, kengele imelia muda si mrefu, na Mwalimu Jemimah Githinji amesimama mbele ya Gredi ya Nne akiwa amekumbatia kitabu kifuani. Wanafunzi hamsini na wawili wamenyoosha shingo. Amewaonyesha picha ya jaladani tu, tena kwa haraka: mwanamke amebeba mlango kichwani.

"Huyu mama anaenda wapi na mlango?" anauliza.

Mikono inaruka. Mmoja anasema mama anahama. Mwingine, Dahir, anasema nyumba imeuzwa na mlango unapelekwa sokoni. "Ni ya choo!" sauti inatoka nyuma, na darasa zima linaangua kicheko. Jemimah hamkaripii mtu. Anageuka na kuandika ubaoni: choo.

Ebla, msichana ambaye kwao ni chumba cha kupanga mtaani Bulla Pesa, anasimama kwa uhakika wa mtu aliyeyaona. "Mwalimu, ni landilodi. Usipolipa nyumba anang'oa mlango. Sasa huyu mama amelipa, anarudisha."

"Dahir anasema mlango unatoka nyumbani, Ebla anasema unarudi. Nani amesema kweli?"

"Fungua, mwalimu! Fungua tuone!"

"Bado."

Anawangojesha kidogo, kwa makusudi, kisha anagawa vitabu, kimoja kwa watoto watatu. Kelele inakatika. Vichwa vinainama, vidole vinafuata mistari, na baada ya muda minong'ono inaanza kupanda: mlango ni machela! Jirani wa yule mama ameshikwa na uchungu wa uzazi, gari hakuna, na mlango ndio utakaombeba hadi zahanati. Hakuna aliyekisia hivyo, na hakuna anayejali kuwa alikosea.

Dahir peke yake hajaridhika. "Lakini mwalimu, hiyo nyumba italala bila mlango?"

Kitabuni hilo halimo. Jemimah analiandika ubaoni vilevile, na ukimtazama usoni utadhani amepewa zawadi.

Hivi ndivyo kila somo la kusoma linavyoanza katika shule hii ndogo ya msingi ya wadi ya Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Swali kwanza, kitabu baadaye. Jemimah, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anaamini kuwa mtoto haelewi anachosoma kwa sababu ameamrishwa asome. Anaelewa pale penye jambo linalomkereketa moyoni, na jibu lake liko ukurasa unaofuata.

"Ukimwambia mtoto fungua ukurasa wa kumi na mbili, atafungua," anasema. "Atasoma mpaka nukta ya mwisho. Lakini ni kama umemtuma dukani bila kumwambia anunue nini. Ataenda, atarudi mikono mitupu."

Dukani anakujua vizuri. Alizaliwa Bulla Pesa, ambako baba yake, Mzee Githinji, aliyehamia kutoka Nyeri, alikuwa akiuza vyombo vya nyumbani. Alisomea ualimu, akangoja ajira ya serikali mpaka akachoka kungoja, na mwaka 2021 akaajiriwa na halmashauri ya shule hii. Mshahara wake ni shilingi elfu kumi kwa mwezi, zinazotoka mifukoni mwa wazazi. Mbuzi wakikonda, mshahara nao hukonda.

Alichokikuta darasani kilimshangaza. Watoto walisoma kwa sauti safi, bila kukwama, na hawakuwa wameelewa kitu.

"Walisoma habari ya feri ya Likoni, nikasema hawa ni moto," anakumbuka. "Nikauliza, feri ilibeba nini? Kimya. Hakuna aliyewahi kuona maji ya kubeba gari, na mimi sikuwa nimewauliza chochote kabla hatujafungua kitabu. Tuliingia tu."

Chuoni alikuwa ameambiwa kuwa maswali ya kabla ya kusoma huamsha hamu. "Lakini tulifundishwa kama mtu anayefundishwa kuogelea kwa kuchorewa mto ubaoni. Nikajitosa." Akajitosa kweli, na nusura azame.

Ilikuwa mwaka 2022, ukame umekaba koo kila boma. Habari ya siku hiyo ilihusu soko la mifugo, na Jemimah akaona amepata swali la kuwagusa watoto wa wafugaji. Akauliza: nyumbani kwenu mna mbuzi wangapi?

Darasa likaganda. Alikokulia yeye, sufuria huhesabiwa kila jioni kabla ya duka kufungwa. Kwa wafugaji wengi wa huku, mifugo haihesabiwi mbele za watu. Kuihesabu ni kualika hasara, na wezi nao wana masikio. Watoto wote walilijua hilo, wakatazama chini. Jemimah akadhani ni haya. Akamnyooshea kidole Akolong, msichana mtiifu aliyeketi dawati la mbele, na Akolong, kwa utiifu wake, akataja idadi.

Wiki hiyo mbuzi kadhaa wa kwao walikufa.

Ni ukame uliowaua, na hakuna asiyejua hivyo. Lakini Lokol, baba yake Akolong, alifika shuleni na fimbo yake begani, akaomba kumwona mwalimu wa Gredi ya Nne. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, umehesabu mbuzi yangu mbele ya watu," alisema. "Hii shule inafundisha mtoto kumaliza boma ya baba yake?"

Akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Jumatatu iliyofuata mifugo ilikuwa ielekezwe Oldonyiro kutafuta malisho, na Akolong aende nayo. Msichana wa miaka kumi na mmoja akishaondoka na mifugo, walimu wa huku wameyaona, mara nyingi harudi darasani. Akirudi Burat, anarudi akiwa mke wa mtu.

Mwalimu mkuu, Bwana Duba, alikuwa na neno moja tu. "Nilimwambia aache hayo maswali yake," anasimulia. "Soma, eleza, toa zoezi, basi. Wazazi wengine walikuwa wameanza kunong'ona. Sikutaka kupoteza mtoto mwingine."

Jemimah hafichi alivyojisikia. "Nililia hapo hapo kwa chumba cha walimu, wenzangu wakinitazama. Nilitaka mtoto apende kitabu, nikamtoa shuleni kwa mdomo wangu."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kwenda kuomba radhi. Jumamosi akafunga safari kwa miguu hadi bomani kwa Lokol, akipanga maneno yake ya msamaha njia nzima.

Hakupewa nafasi ya kuyasema. Lokol alimsogezea kigoda, akaketi mkabala naye, na kama desturi ya mgeni anapofika, akaanza kumuuliza habari. Umetoka upande gani? Njia iko aje? Umekutana na nani? Huko nyuma umeona majani? Mlima leo uko na mawingu? Wale ngamia waliopita asubuhi walielekea wapi?

"Hilo la ngamia ndilo lilinimaliza," Jemimah anasema. "Nilikuwa nimekanyaga nyayo zao na sikuziona! Nikajua nikirudi kwa hiyo njia, nitatazama kila kitu. Na huyo mzee, na hasira yake yote, hakuniuliza swali hata moja la kunivua nguo."

Hapo ndipo alipoliona kosa lake kwa macho mapya. Kuna swali la kumfungulia mtu njia, na kuna swali la kumpekua mfukoni. Yeye alikuwa amempekua mtoto mbele ya wenzake, kisha akaita hiyo hamu ya kusoma.

"Mzee, nilikosa," alimwambia Lokol. "Nimezaliwa hapa hapa Isiolo. Hata siwezi kusema mimi ni mgeni."

"Nimesikia," Lokol akajibu.

Na ukiambiwa nimesikia, usidhani umeambiwa ndiyo. Mifugo ilikuwa bado inaondoka Jumatatu, na Akolong alikuwa bado amesimama kando ya zizi, akimtazama mwalimu wake.

Jemimah hakuwa na kingine cha kutoa. Akachomoa kitabu cha hadithi mkobani, asikifungue, akakiweka magotini.

"Mzee, hebu nisaidie," akasema. "Kuna mtu amefika kisimani na ng'ombe wake, wanakufa na kiu. Amekuta hodhi limejaa maji, tayari kwa kunywesha. Lakini ni mtu mwingine aliyeteka, na mwenyewe hayuko. Sasa afanye nini?"

"Angoje," Lokol akajibu papo hapo. "Maji ya kuteka ni jasho ya mtu."

"Angoje mpaka lini?" Akuam, mkewe, akadakia kutoka mlangoni. "Ndama wafe akingoja? Anyweshe wale wadogo, halafu ateke arudishe. Jasho inalipwa na jasho."

"Na mwenyewe akifika kabla hajarudisha?" Lokol akauliza.

"Atamkuta akiteka. Mtu anateka si mwizi."

Majirani wawili waliokuwa wakipita wakasimama, nao wakawa na la kusema. Ubishi ukapamba moto. Mmoja akaapa kwamba jambo kama hilo liliwahi kumpata mjomba wake. Mwishowe Lokol akainua mkono.

"Sasa mwalimu," akasema, "huyo mtu wa kitabu alifanya nini?"

Jemimah alimpa Akolong kitabu.

Msichana alisoma polepole, akikwama, akirudia, akifasiri kwa Kiturkana kila alipoona nyuso zimekunjwa. Hakuna aliyemharakisha. Jemimah anasema hajawahi, si kabla wala baada ya siku hiyo, kuona watu wazima wakimngoja mtoto namna ile. Mwisho wa ukurasa yule mtu alikuwa ameinama juu ya hodhi, mkono karibu uguse maji, na kengele za ng'ombe wa mwenyewe zikasikika zikija. Mwalimu akanyoosha mkono, akakifunga kitabu.

"Hii kitabu ni ya shule," akasema. "Inayobaki tutasoma Jumatatu."

Ulikuwa ujanja mtupu, na hata leo hauonei haya. Lokol alimsindikiza mpaka njiani asiahidi chochote. Kesho yake kanisani, Jemimah anakiri, hakusikia mahubiri hata neno moja.

Jumatatu alfajiri mifugo iliondoka, ikichungwa na Lokol na mpwa wake. Akolong alikuwa darasani kabla ya kengele. Alikuja na agizo: baba yake amesema apigiwe simu jioni, aambiwe yule mtu alifanya nini.

Yule mtu aliwanywesha ndama, na mwenye maji alimkuta akiteka ya kurudisha. Lokol, ambaye tulizungumza naye kwa simu akiwa kwenye soko la mifugo la Oldonyiro, bado hajakubali kushindwa. "Hiyo kitabu iliandikwa na mwanamke," anasema, na kicheko chake kinajaa simu. Kuhusu binti yake, hata hivyo, hana mzaha.

"Huyo mtoto hatoki shule. Siku hizi akishika kitabu ananiuliza kwanza, baba unaonaje? Nikikosea ananicheka. Na mimi nakaa hapo tu, nangoja anisomee."

Akolong sasa yuko Gredi ya Sita. Bwana Duba naye amegeuka. "Mimi niliyemwambia aache, sasa ndiye natuma walimu wengine wakae nyuma ya darasa lake," anasema. "Hawa watoto zamani walisoma kama kasuku. Leo wanabishana na kitabu."

Jemimah bado huyapima maswali yake kabla ya kuyapeleka darasani. Lazima mtoto aweze kujibu bila kumwaibisha mtu wa kwao, na lazima ukweli wenyewe uwe ndani ya kitabu, si nyumbani kwa mtu. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini hawakusema kila swali ni werevu.

Ajira ya kudumu bado anaitamani, na haoni haya kusema. Lakini mpango ulio karibu zaidi na moyo wake ni wa Januari ijayo: darasa la Jumamosi la kuwafundisha wazazi kusoma, katika ukumbi wa kanisa ulio jirani na shule. Mchungaji amekubali, viti vipo, vitabu ni vichache. "Vitatosha," anasema. "Swali moja linaweza kulisha watu thelathini."

Mtu wa kwanza kujiandikisha ni Akuam, mama yake Akolong. Tunamkuta nyumbani akifunga mzigo wa kuni, na tunamuuliza anakwenda kujifunza nini, yeye aliyelijua jibu la kisima hata kabla ya kitabu kufunguliwa.

Anaiweka kamba chini.

"Mtoto alisoma, akaniambia, mama ulikuwa sawa," anasema. "Nikafurahi. Lakini ni yeye aliona, mimi niliambiwa tu. Nimechoka kuambiwa. Nataka kuona na macho yangu mahali imeandikwa."