Nilivuta sigara kwa pua ili kulinda jino la kupandikiza

Jamani, kosa ni langu, wala sitafuti wa kumsingizia. Jina sitaji, naomba mnistahi. Natokea upande wa Kasoli, huku Bariadi, kwa watu wa pamba na ng'ombe.

Mwaka jana nilikuwa namfunga nira maksai wetu. Akarusha kichwa, pembe ikanipata mdomoni, jino la mbele likaenda. Tangu hapo nikawa nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja kama mwali. Mama yangu alivumilia mwezi mmoja tu. "Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, "aliyeling'oa ndiye atakayelirudisha." Akamuuza maksai yule yule, kiongozi wa plau, ili nikapandikizwe jino Mwanza.

Mke wangu alinisindikiza. Daktari akatoboa mfupa wa taya, akafunga skrubu ndogo, akasema jino lenyewe litawekwa juu yake baada ya miezi kadhaa, mfupa ukishaishika. Kisha akaitazama midomo yangu ilivyo myeusi. "Sigara basi. Moshi unazuia damu kufika vizuri kwenye kidonda, na skrubu haitashika." Nikaapa!

Mama sikumsumbua na habari za skrubu. Nilimwambia jino limepandwa, tusubiri. Akaridhika, maana hata pamba haioti siku moja.

Wiki tatu nilikaza. Ya nne nikamwona mama ananusa ugoro wake. Kapita miaka sabini, meno yote yamo, anatafuna miwa! Shetani akaninong'oneza: mama anapitisha tumbaku puani, na meno yake mazima. Daktari anagombana na mdomo tu. Basi mimi nitapitia puani!

Nilijificha nyuma ya zizi, nikachomeka sigara kwenye tundu la pua, nikavuta. Machozi hayo! Masharubu yakaungua upande mmoja. Lakini nikazoea: asubuhi tundu la kushoto, jioni la kulia, yasichoke. Ufizi ukaanza kuuma na kutoa harufu. Nikajiambia ni mfupa unashika.

Siku ya siku mama akanikuta. Sigara inawaka puani, moshi unatoka mdomoni! Alipiga yowe kijiji kizima kikaja. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Kwa aibu nikajiangusha chini, nikajifanya nimepagawa. Mjinga mimi!

Wanamaombi wa kijijini wakanizunguka kwa nyimbo, wakanitikisa kichwa wakipaza sauti, "Toka!" Nikakohoa, na ile skrubu ikadondoka mavumbini. Mzee mmoja akaiokota. "Chuma! Katupiwa chuma na mchawi!" Hapo hapo wakaanza kuulizana, ni nani hapa kijijini anashinda na vyuma?

Macho yote yakamgeukia jirani yetu, fundi wa kuchomelea, aliyekuja kusikiliza nyimbo tu, miwani ya kazi bado ipo kwenye paji la uso. "Jamani, mimi natengeneza mageti!" Nani amsikilize? Fimbo zikaanza kuokotwa. Huku kwetu, aliyenyooshewa kidole namna ile anaweza asilione jua la kesho.

Mke wangu akaniinamia sikioni. "Sema wewe, au nasema mimi."

Nikakaa kitako, nikasema yote: skrubu, kiapo, pua. Fundi alilia kama mtoto. Wengine walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka. Aliomba apewe ile skrubu, akaiweka kiganjani.

"Ng'ombe wangu ndiye huyu?"

Nilirudi kwa daktari. Akaniambia moshi uingie kwa mdomo, kwa pua, hata kwa sikio, unaishia kwenye damu ile ile. Mfupa haukuishika skrubu, na ufizi ulikuwa umeoza kwa usaha. Alisema tunaweza kujaribu tena nikipona, ila niache kabisa.

Maksai aliyebaki hana mwenzake, kwa hiyo msimu huu tunalima kwa jembe la mkono. Mama anatangulia mbele yangu, mgongo umepinda. Juzi nikamsihi aende akapumzike. Hakusimama hata kidogo. "Niache," akasema, "nakutafutia jino lingine."

Nimeacha sigara, jamani, nimeacha! Na wewe uliyepandikizwa jino, ukawa unavuta kwa siri ukidhani una akili kuliko daktari, acha leo. Usisubiri kusikia maneno hayo kwa mama yako.