Simu Iliyovalishwa Upya

Shangazi yangu hajawahi kukubali kwamba alikosea, na mimi nimeacha kumdai. Kwetu, bonde la Ruzizi, tunamwita masenge: dada wa baba, ambaye bila neno lake binti haozwi, hata kama baba ameridhika na padri amekwisha vaa. Wangu aliteremka Uvira kutoka Luberizi katikati ya vita, gunia la mchele kichwani, kwa ajili ya posa yangu tu. Na nusura aivunje posa yenyewe.

Wakati ule nilikuwa nafundisha cherehani katika kituo cha ushonaji, na mchumba wangu ndiye aliyefunga antena ya mtandao juu ya paa letu. Vita viliposogea, aliwavusha wazazi wake kwenda Burundi, mpaka ukafungwa nyuma yao, akabaki hukohuko. Minara ya simu ya mjini ikanyamaza. Barabara ya Bukavu haikupitika. Ikabaki antena yetu, iliyokula umeme wa jua na kuzungumza na mbingu.

Lakini aliiacha na mlango uliofungwa. Alikuwa amenieleza siku moja tukila ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mikono: kila simu huzaliwa kiwandani na namba yake, namba iliyofichwa ndani kabisa, kwenye kile kibao cha kijani chenye vyuma vidogo vidogo. Ukiisogeza simu karibu na antena, kisanduku cha ofisini huiuliza namba hiyo kwanza. Ikiwa inajulikana, inapita. Ikiwa haijulikani, hata uwe askofu utakaa nje. Yeye alikuwa ameziingiza simu za watu wa kituo tu, na neno la siri la kuongeza nyingine akaondoka nalo kichwani.

Siku ya kuagana nilimkasirikia. “Juu ya nini hunipe miye ile neno?”

“Basoda bakikuya kukuuliza, utabaambia nini?”

“Nitasema sijui.”

“Basi. Sijui ya kweli iko muzuri kupita sijui ya uongo.”

Hakukosea, ingawa sikumwambia. Wanajeshi walikuja kweli, kila mmoja na simu yake, wakitaka mtandao. Nikawaapia kwamba sina uwezo wa kumwingiza mtu, na kiapo kilinitoka bila kigugumizi kwa kuwa kilikuwa kweli tupu. Mkubwa wao aliishika simu yangu, akaitazama jinsi kioo kilivyopasuka toka kona mpaka kona, akacheka, akanirudishia. Kama ingekuwa nzuri, angekwenda nayo.

Polepole simu zinazojulikana zikapungua. Mkurugenzi wa kituo alipanda boti kwenda Kalemie na kompyuta zote na simu yake. Walimu wenzangu wakatawanyika na zao. Tukabaki wawili, mimi na mlinzi wa lango. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haistiri matako, lakini simu yangu iliyopasuka ilistiri mtaa mzima. Walikuja kuiazima kama watu wanavyoazima kinu. Mama mmoja alimleta mwanawe afungue mdomo, baba yake kule kambi ya wakimbizi aone jino lililoota. Mwingine alikuja na mbuzi mzimamzima, kwa sababu mumewe alikuwa hasadiki kwamba amenenepa. Mbuzi alikula kitambaa cha wanafunzi wangu, na nilimfokea yule mama mpaka mume akawa ananiomba radhi kwenye kioo.

Sasa, baba wa mchumba wangu alikuwa mzee wa utaratibu. Hakupenda kijana wake azungumze na binti wa watu kila juma bila wazee kukubaliana. Alitaka asikie neno la masenge, kwa sauti yake mwenyewe, amwone na uso. Tulipanga mara ya kwanza, mawingu yakalala juu ya ziwa na antena ikakosa umeme. Tulipanga mara ya pili, shangazi akakwama njiani, Runingu, kwa sababu ya risasi. Mzee akatuma ujumbe: Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Tukinyamaza tena ataelewa kwamba tumekataa, na kijana atatafutiwa mwingine kulekule. Nami nilimpenda yule mwanaume hadi nikawa nashona mifuko upande usio wake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nasukwa nywele. Shangazi, ambaye hatimaye alikuwa amefika, akaingia kutoka sokoni, anang'aa, mikono nyuma.

“Fumbua mikono.”

Akaniwekea simu. Ya aina ileile kama yangu, ila mpya, laini, haina hata mchubuko.

“Binti ya kaka yangu hawezi kusimama mbele ya bakwe na kintu ya kupasuka,” akasema. “Batasema tuko bantu ya namna gani? Usiogope, kadi yako iko ndani. Ni weye yule yule.”

Alikuwa ameichukua bila kuniambia, akaibadilisha. Simu yangu, pamoja na gunia lake lote la mchele wa Luberizi. Kwetu masenge hamwachi binti aende kwa wakwe na kitu kilichochanika. Hata kanga yako ikiwa na tundu, ataivua yake akupe. Nilielewa hivyo, nikainuka kabla ya kumaliza kusukwa.

Tulipofika kituoni antena ikaikataa. Nilizima nikawasha, nikasogea chini ya paa, nikapanda juu ya meza ya kukatia nguo. Haikutujua. Mlinzi na simu yake walikuwa wamekwenda Runingu kuangalia mpunga. Nilikaa chini nikalia, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu hakijasukwa.

“Juu ya nini inakukataa?” shangazi akauliza. “Kadi si iko mule?”

“Haiangalie kadi, masenge! Inaangalia mwili wa ile simu ya zamani!”

Akaitazama antena jinsi mtu anavyomtazama mkamwana aliyeshindwa kusalimia. “Haina adabu,” akasema, akajifunga kanga vizuri. “Twende.”

Mfanyabiashara wa simu pale sokoni alikuwa mzee wa Kiislamu, wa zile familia zilizoletwa Uvira na biashara ya ziwa zamani za mababu. Tulimkuta amekwisha ifungua simu yangu. Betri ilikuwa imepata mteja, na kioo kilikuwa kimesagika alipokibandua. Lakini kile kibao cha kijani kilikuwa bado hapo, juu ya kitambaa.

“Ile!” nikapiga kelele, watu wa nyanya wakageuka. “Mzee, ile ya kijani! Utie ndani ya hii mupya!”

Alitutazama, mimi na nywele zangu. “Munataka nivalishe bibi kizee nguo ya bibi arusi?”

“Mvalishe,” shangazi akamwambia. “Na mchele yangu utakula ukimaliza.”

Akasema bismillahi, akachukua bisibisi. Ilikuwa kazi ya utulivu na sisi hatukuwa na utulivu. Jua lilikuwa karibu na utosi tuliporudi tunakimbia, shangazi mbele, na umri wake wote. Niliwasha. Kisanduku cha ofisini kikauliza swali lake, na kibao kikajibu namba yake ya kuzaliwa. Mlango ukafunguka.

Kule ng'ambo baba mkwe alikuwa amesimama, kofia mkononi. Mchumba wangu alikuwa nyuma yake, uso umemshuka. Shangazi aliichukua simu. Akasalimia. Akauliza ng'ombe, akauliza watoto, akaeleza mpunga, akawapa pole ya vita, mpaka nikamfinya. Ndipo akalitoa neno. Wakaketi, wakamimina pombe, wakanywa. Mama mkwe akasogea karibu na kioo. “Simu yenu iko muzuri sana,” akasema. “Tunawaona vizuri.”

Shangazi akanigeukia polepole. Hadi leo nalisikia lile jicho.

Mpaka wa Burundi ulipofunguliwa, mtu mmoja alifika langoni pa kituo. Mifupa mitupu, ndevu mpaka kifuani, koti la kuazima linalofika magotini. Mlinzi alimwambia hapana kazi leo. Mimi nilichungulia dirishani, na naungama, nilirudi kwenye cherehani yangu.

Shangazi alikuwa kivulini akichambua maharage. Aliweka ungo chini, akaenda langoni, akamtazama yule mtu machoni kwa muda.

“Fungua,” akamwambia mlinzi. “Ni nguo tu zimebadilika. Wa ndani ni yule yule.”